Hesabu ya Ninga

Kazi niliyoifanya Stockholm miaka ile, ambayo sikuthubutu kuitaja katika barua yoyote ya nyumbani, ilikuwa kupangusa ndege waliokufa. Jumba la makumbusho lilikuwa na chumba kirefu kisicho na dirisha, kimejaa makabati ya chuma kutoka sakafuni mpaka darini. Ukivuta droo unawakuta ndege wamelazwa chali, macho yao pamba, na kijikaratasi kimefungwa mguuni. Mimi nilibadilisha nafthalini, nilifuta vumbi, na niliandika upya vile vikaratasi vilivyofifia. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Mwandiko ule nimeupata skuli kwa fimbo ya mkwaju ya mwalimu, na waliokuja kuufaidi ni Waswidi.

Mwaka wangu wa tatu nilivuta droo ya njiwa nikamkuta ninga.

Kwa asiyemjua, ninga ni njiwa wa kijani, wa rangi ya majani machanga, mwenye doa la zambarau begani. Ninga huyu wa kwetu yuko Pemba tu. Hayuko Unguja, hayuko bara, hayuko pengine popote alipopaumba Mungu. Nilimjua kabla ya kusoma karatasi yake, ingawa rangi ilikuwa imechujuka kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba. Nikakaa sakafuni naye mkononi nikalia, mtu mzima wa miaka ishirini na saba. Naona haya kusema, lakini tangu nije huku sikuwa nimelia hata kidogo, na siku ile nililia kwa yote.

Nilikuwa nimekuja mwishoni mwa miaka ya sitini kusomea misitu. Nilitoka kwetu kwa barua ya serikali, nikapitia bara, nikapewa koti la mtu mwingine, nikafikia kwenye baridi. Masomo yakanishinda msimu wa baridi wa pili. Si akili iliyokosekana, ni lugha, na ule upweke unaomfanya mtu asome ukurasa mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nafasi yangu akapewa mwengine. Na siku zile mtu wa visiwani aliyetoka kwa barua alitakiwa arudi na barua. Kurudi mikono mitupu, umefeli, huku maswali yanakungoja bandarini, si jambo la kulifanya kwa furaha. Basi nikabaki. Nikapanga chumba Bredäng, pembeni mwa mji, kwenye majengo mapya yaliyosimamishwa juu ya mawe yaliyopasuliwa, hata ngazi zilikuwa bado zinanuka saruji, na kila asubuhi nikapanda tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, kwenda kwa ndege wangu.

Nyumbani niliandika: "Mimi sijambo, ni mzima kama chuma, masomo yanakwenda vizuri." Wao waliniandikia: "Sisi sote hatujambo, hatuna ila shauku ya kukuona." Barua zetu zilipishana angani zikidanganyana kwa heshima. Ndivyo tulivyolelewa. Aliye mbali haongezewi mzigo, mgeni haonyeshwi chungu kitupu, na nyumba husitiriwa hata kama paa linavuja. Kwetu mtu asiyejua kusitiri tunamwona hana malezi.

Aliyenikuta nalia na ninga mkononi alikuwa bibi mmoja aliyekuwa mkuu wa chumba kile, mtaalamu wa ndege wa visiwa, mwembamba, mwenye koti jeupe lenye madoa ya wino mfukoni. Waswidi wakati ule walikuwa wameanza kuitana "wewe" bila cheo, na yeye alinitaka nimwite jina lake tupu. Ulimi ulikataa. Ana umri wa mama yangu! Moyoni nilimwita Bibi Daktari, na mdomoni nilizungukazunguka mpaka anigeukie mwenyewe.

Hakuniuliza kwa nini nalia. Alichukua kiti akakaa akaniambia, "Niambie anavyolia huyu akiwa hai."

Nikampigia mluzi. Ninga halii kama njiwa wengine. Anapiga mluzi unaopandapanda, halafu anamalizia kwa kugugumia kama mzee anayeamka. Bibi Daktari alinitaka nirudie mara tatu. Kisha akanieleza jambo ambalo lilibadilisha miaka yangu yote iliyofuata, na sidhani kama lilibadilisha kwa heri.

Kulikuwa na kamati ya wafadhili iliyotaka kuokoa ndege wa visiwani, wale wasiokuwapo ila kwenye kisiwa kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaandalia orodha. Ndege atakayechaguliwa, msitu wake utaombewa ulinzi kwa serikali ya huko, utawekewa kitalu cha miti, na utapata mlinzi wa kudumu aliyetoka hapo hapo. Ninga alikuwa kwenye orodha, lakini karatasi yake ilikuwa tupu, maana hakuna mtaalamu aliyeweza kufika Pemba siku zile. "Sina hesabu," alisema. "Pasipo hesabu ya mwaka mzima kamati haitamsoma hata jina." Halafu akaniangalia. "Na mlinzi nisingemtafuta mbali."

Nilimwelewa vizuri. Barua ya kamati, yenye mhuri, inayosema fulani bin fulani anarudi kwao kulinda msitu. Ningeteremka bandarini kifua mbele. Ningemkuta mama.

"Hesabu ipo," nikamwambia. "Mama yangu atahesabu."

Kijiji chetu kiko kaskazini ya kisiwa, ubavuni mwa kipande cha msitu wa zamani kilichobaki baada ya mikarafuu kula kila kitu. Karibu na kisima palikuwa na mkuyu mkubwa, na matunda yake yakiiva ninga walitoka msituni alfajiri kuja kula. Mama alikuwa akiwapenda kwa sababu ambayo hakuwahi kuieleza. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua ninga yupi ni dume, yupi ana mguu mbovu, na yupi mchoyo. Niliandika kwa kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifundisha skuli ya kijijini na ndiye mwandishi wa barua zote za nyumbani, nikamweleza kila kitu. Mama akae chini ya mkuyu kila Jumamosi tangu jua kuchomoza hadi saa mbili. Kaka aandike. Kila mwisho wa mwezi aniletee.

Na nikaongeza mstari mmoja. Nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko sura yoyote niliyohifadhi. "Tuombe idadi iwe nzuri, kwani kwa idadi hiyo ndiyo nitarudi nyumbani."

Barua za mwanzo zilikuwa za mama mtupu. Kaka alikuwa akiandika anayosema, nami nilimsikia sauti. Mama alihesabu kwa punje za kunde. Kila ninga aliyemwona alitia punje moja katika kopo la maziwa. Alikataa katakata kumtilia punje ninga aliyemsikia bila kumwona. "Asiyeonekana haandikwi," aliandikisha. "Sauti hata kasuku anayo." Jumamosi moja walikuja tisa. Jumamosi iliyofuata hakuja hata mmoja, kwa kuwa palikuwa na mvua na mama mwenyewe alirudi amelowa akimlaumu kaka. Nyingine hakwenda, kiuno kilimshika. Nyingine walikuja watano, na wa sita alichukuliwa na mwewe mbele ya macho yake, na mama akauliza kama yule atiwe punje au asitiwe, maana alipomwona alikuwa hai.

Bibi Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Mtilie," alisema. "Mwambie mama, wa mwewe amtilie."

Sijapata kuwa na fahari kama ile. Nilitafsiri zile barua kwa mwandiko wangu mzuri, naye alizipanga katika jalada la rangi ya kijani. Nilianza kula vizuri. Nilianza kutembea Jumapili kwenda ziwani kutazama bata, na nikawasifu bata wa watu, jambo ambalo ni dalili ya afya.

Kisha barua zikatulia. Sijui neno jingine. Mvua ikaacha kunyesha ndani yake. Kiuno cha mama kikapona. Saba, nane, saba, tisa. Nane, nane, tisa, kumi. Mwisho wa kila barua: "Mama anakusalimu sana, anasema usimfikirie." Mimi mjinga nilishukuru. Nilidhani Mungu amejibu ule mstari wangu wa mwisho, kwamba idadi imekuwa nzuri.

Bibi Daktari aliinamia karatasi siku moja akagonga kidole juu yake. "Hakosi hata Jumamosi moja? Hata kwenye masika?"

"Mama yangu hakosi," nilimjibu, na nilimjibu kwa hasira kidogo. Nilidhani anamdharau mwanamke wa shamba asiyejua kusoma. Naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, aliona haya, akafunua karatasi nyingine. Angeendelea kuuliza tungeokoka, lakini nilimfunga mdomo kwa heshima ya mama yangu, na heshima ile ilikuwa tayari haina mwenyewe.

Jalada likaenda kwa kamati msimu wa machipuko. Nilisubiri wiki sita. Niliuliza bei ya tiketi ya meli na ya ndege, nilinunua shati. Nilimpigia simu rafiki yangu wa pekee, mtu wa Tanga aliyekuwa fundi kiwandani na aliyekaa Sundbyberg, nikamwambia ajiandae kunisindikiza. "Yakhe, wewe tayari unanuka karafuu," alinitania.

Bibi Daktari aliniita chumbani kwake, mlango akaufunga. Alikuwa anatabasamu kwa namna ya mtu anayebeba chombo kilichojaa.

"Ni habari njema kwa ninga," alisema. "Hali yake ni imara. Idadi haishuki mwaka mzima. Kamati imefurahi sana."

"Basi tumechaguliwa."

"Hapana. Wamechagua ndege wa visiwa vingine, wanaokwisha. Ninga wamemweka nyuma. Hana haja ya haraka."

Nilimkodolea macho. Nilihisi kama mtu aliyepamba nyumba kwa ajili ya mgeni, na mgeni amefika mlangoni akasema, loo, hapa hawahitaji kitu, akageuka akaenda zake. Hivyo ndivyo tulivyokosea, mimi na watu wangu, na sidhani kama mtu wa kwengine angekosea hivi. Tulidhani msitu husaidiwa kwa kuonekana mzuri. Tulidhani ukitaka kutazamwa na wakubwa unavaa nguo ya Idd. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa wazungu wale mlango ulifunguliwa kwa anayekuja na matambara. Hapana, nadanganya. Bibi Daktari alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza kwamba kamati inataka kuokoa. Mimi nilisikia kuokoa nikaelewa kuzawadia.

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mambo ambayo sikuwa na haki nayo, kwamba kwao ndege akiwa mzima ni kosa, kwamba wanawapenda wakishalazwa chali kwenye droo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema orodha nyingine itaandaliwa baada ya miaka miwili.

Miaka miwili! Nilirudi Bredäng nikakaa kitandani na koti. Majira yale jua halikubali kutua, na mwanga ule mweupe ulinichukiza. Nilikwenda kazini, nikapangusa, nikarudi. Sikula chakula cha moto kwa siku nyingi. Kuna asubuhi nilisimama kwenye kituo cha treni nikaacha treni tatu zipite, na sikuwa nikisubiri ya nne. Nayasema haya sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Jioni ya siku ile ile niliandika nyumbani: "Mimi sijambo. Mambo ya msitu yanakwenda, ni subira tu. Mwambie mama nakuja."

Nakuja! Hata sasa neno hilo linanichoma.

Idd Kubwa ya mwaka ule ilifikia katikati ya baridi. Fundi wa Tanga alipika pilau kwake Sundbyberg, akanilazimisha kwenda; alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu akanivua lile koti chafu akanivisha lake. Tulikuwa watu wanane au tisa, tumekaa chini juu ya shuka. Alikuwepo Mkenya mmoja, mke wa Mswidi wa Spånga, muuguzi, Mkristo, ambaye hakukosa Idd yetu hata moja kwa ajili ya pilau, na alikuwa akisema wazi. Na alikuwepo mgeni, kijana aliyefika wiki ile ile kusomea ufundi wa meli. Walipomwambia mimi ni Mpemba alinyanyuka. Wa kijiji gani? Nikamtajia. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kumbe ndiwe! Mie kwetu ng'ambo ya kisima chenu." Uso wake ukabadilika, akashusha sauti. "Ndugu yangu, nnakupa pole ya mama. Najua ni ya zamani, lakini pole haichakai. Mungu amlaze pema."

Tonge la pilau nililirudisha kwenye sinia.

"Mie nilikuwepo mazikoni," aliendelea, akidhani ni uchungu wa kawaida. "Siku chache kabla ya Ashura. Watu walikuwa wengi, alhamdulillahi. Alizikwa kwa heshima."

Nilihesabu kwa vidole chini ya sinia. Tangu Ashura mpaka Idd Kubwa ni miezi kumi na moja. Barua kumi na moja. Saba, nane, saba, tisa. Mama anakusalimu sana, anasema usimfikirie.

"Na mkuyu?" nikauliza. Nafikiri wote walidhani nimerukwa na akili. "Mkuyu wa kisimani?"

"Mkuyu? Uwapi, yakhe! Umekatwa punde baada ya hapo, wameutia kwenye tanuri la chokaa. Na msitu nao umeingiliwa, watu wanataka kulima, chakula kigumu."

"Na ninga?"

Alitazama wenzake, akacheka kwa wasiwasi. "Ninga? Mwaka wa shida ule? Watu walitega ulimbo mpaka kwenye mipapai. Nani angewabakisha?"

Muuguzi wa Spånga ndiye aliyefahamu kwanza. Aliweka sahani yake chini, akapita katikati ya shuka, akakaa kando yangu akanikumbatia kichwa. "Hakuwa ameambiwa," aliwaambia wengine kwa ukali. "Hamuoni? Hakuwa ameambiwa!" Yule kijana akaanza kuomba radhi, na kadiri alivyoomba ndivyo nilivyozidi kutamani anyamaze. Fundi wa Tanga alitoa sinia, na Idd ikageuka matanga. Walimsomea mama Yasini. Msiba wa miezi kumi na moja tuliukalia siku ile, chumba kinanuka pilau.

Jumatatu nilikwenda kwa Bibi Daktari nikalitoa kabatini jalada la kijani, lililokwisha rudishwa na kamati, nikazitandaza barua mezani kwake kwa mpangilio. Sikuhitaji kusema mengi. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Huku mvua, kiuno, mwewe, kopo la kunde. Huku safu za namba, zimenyooka kama mistari ya daftari la mwalimu wa skuli.

"Kuanzia hapa," nilimwonyesha kwa kidole, "mama yangu amekufa."

Akakaa. Alizisoma zote upya, hata zile asizoweza kuzisoma, akizifuata kwa kidole. Baadaye aliniambia neno ambalo sikulitegemea. "Mimi niliona," alisema. "Nilipokuuliza juu ya masika. Niliona, nikaogopa kukuvunjia heshima." Basi hata yeye tulikuwa tumemwambukiza.

Alipiga simu mbele yangu. Aliandika kwa kamati siku ile ile, maelezo marefu, akasema hesabu ni batili, msitu unakatwa, ndege yuko hatarini. Walimjibu kwa upole. Uchaguzi umekwisha, maelezo yake yameambatanishwa, yatatazamwa kwenye orodha ijayo. Na kwa kuwa hesabu ya kwanza imethibitika kuwa ya uongo, wangependa safari hii ifanywe na mtu asiyehusika. Mtu asiyehusika! Mlinzi wao wa msitu akawa si mimi tena, wala hatakuwa mimi.

Nilimwandikia kaka barua nne. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu. Ya pili nilimwita muuaji wa msitu, nikamuuliza alipata wapi roho ya kuniandikia salamu za marehemu. Nilizichana. Kwa sababu kila nilipofika mwisho niliukumbuka ule mstari wangu: tuombe idadi iwe nzuri, kwani kwa idadi hiyo ndiyo nitarudi. Alikuwa amekaa peke yake na kalamu, mama kaburini, mkuyu kwenye tanuri, na ndugu yake wa mbali anamwambia kwamba namba nzuri ndiyo njia ya kurudi. Angefanya nini? Alinipa njia. Angeniambia msiba nikishafika, nikishikwa mikono na watu wangu, kama inavyostahiki. Mimi ningefanya vile vile. Mimi nilikuwa nikifanya vile vile kila mwezi.

Barua niliyoituma ilikuwa fupi. "Kaka, nimeambiwa habari ya mama. Sikulaumu. Kamati imekataa. Naomba uhesabu wewe, na uhesabu kweli, hata kama hakuna atakayesoma ila mimi."

Miezi miwili hakikuja kitu. Kisha ikaja bahasha nyepesi. Nilisimama nayo kwenye ngazi za Bredäng, glavu nimezing'ata kwa meno, nikaifungua hapo hapo. Nilidhani ukurasa wa kwanza umepotea. Haikuwa na bismillahi, wala "kwa ndugu yangu mpenzi," wala "ama baada ya salamu." Kwetu hata anayedai haki yake mahakamani huanza kwa salamu. Ilianza hivi:

"Jumamosi nimekwenda mwenyewe. Nimekaa juu ya kisiki tangu jua kuchomoza hadi saa mbili. Sikuona hata mmoja. Jumamosi ya pili sikuona. Ya tatu mvua. Ya nne nimeingia ndani ya msitu, mpaka pale wasipofika wakataji, nimesikia mluzi wa mmoja. Nimengoja mpaka miguu ikafa ganzi. Sikumwona. Sijui nimwandike au nisimwandike, kwani unajua kauli ya mama. Alikuulizia siku yake ya mwisho. Nilimwambia hujambo, kwani ndivyo unavyoandika. Je, hujambo kweli?"

Nilipanda juu, sikuvua koti. Nilikaa mezani nikachukua karatasi, na salamu nami sikuiandika. Nilimwambia kwamba sijambo ile ilikuwa uongo tangu msimu wa baridi wa pili. Kwamba masomo yalinishinda, kwamba cheo sina, kwamba kazi yangu ni kupangusa ndege waliokufa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Nilimweleza zile treni tatu. Kwamba barua ya kurudia sina na sijui nitaipata wapi. Ilinichukua kurasa sita, na mwandiko wangu mzuri ulikuwa umeharibika.

Mwisho nikajibu swali lake. Yule mmoja uliyemsikia, nilimwandikia, mtilie punje. Mama angekasirika, lakini mtilie.